Herufi I iliyofutika

Kwenye kibodi ya dukani kwangu herufi I imefutika. Kitufe kipo na kinafanya kazi, ila alama iliyochorwa juu yake imeisha kwa kuguswa. Kijana akikaa pale kwa mara ya kwanza huniuliza I iko wapi, nami humwelekeza bila kutazama: kidole kidogo cha kushoto kwenye Ctrl, cha kati cha kulia kwenye I. Ukivibonyeza pamoja, neno linalala, yaani herufi zake zinainamia kulia, kile Waingereza wanachokiita italic. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kuliko nyingine yoyote tangu nifungue duka mwaka 2003. Leo nataka kuieleza kwa kirefu, kwa sababu kila msimu wa kukusanya tasnifu maswali ni yaleyale, na wengi wanalaza maneno kama mtu anayetia chumvi gizani.

Duka langu liko Morogoro, karibu na kituo wanaposhukia wanafunzi wa kilimo, misitu na uvuvi. Naprinti, natoa kopi, nabaindi, nauza bahasha na kalamu. Lakini kinachonilipia kodi ya fremu ni tasnifu za Kiingereza: kupanga kurasa, kunyoosha majedwali, kuhakikisha kila jina limeandikwa inavyotakiwa.

Mimi ni mhazili kwa kusomea. Nilisoma Tabora, katikati ya miaka ya 1990, na tulianzia kwenye taipureta. Taipureta ina umbo moja tu la herufi, haiwezi kulaza. Kwa hiyo tulifundishwa kupiga mstari: unachapa jina la kitabu, unarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mwanzo wa jina, kisha unapita tena ukiweka mstari chini ya kila herufi. Jina refu lilikuwa linachosha vidole. Mwalimu wetu, mama mkali aliyekuwa hakubali karatasi yenye alama ya kufuta, alituambia mstari ule si pambo. Ni agizo kwa mpiga chapa: hapa weka herufi za mlazo. Karatasi ya mhazili ilikuwa njiani kwenda kiwandani, na ule mstari ulikuwa sauti ya mwandishi ikimfikia mtu ambaye hatamwona kamwe.

Sikulisahau hilo. Ukishika tasnifu ya zamani iliyojaa majina yaliyopigiwa mstari, jua ni kitu kilekile tunachokifanya leo kwa Ctrl na I. MLA, chama cha wasomi wa lugha na fasihi cha Marekani, kiliacha rasmi kupendekeza mstari katika toleo la saba la mwongozo wake wa watafiti, mwaka 2009, kikasema sasa lazeni. Wapo wanafunzi wanaofanya yote mawili, jina limelala na mstari uko chini yake. Hapo unamwambia msomaji jambo moja mara mbili, na mara ya pili inamchosha.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kitufe, ninamtaka mtu ajiulize: ninamwambia nini msomaji? Kama hana jibu, neno libaki wima.

Tuanze na majina ya kazi, maana ndiyo mengi. Kanuni yake inashikika vizuri sana kwa Kiswahili: kinachosimama peke yake hulazwa, kilichomo ndani ya kingine hufungwa kwa alama za kunukuu. Ni nyumba na chumba. Kitabu ni nyumba, sura ni chumba. Gazeti ni nyumba, habari iliyomo ni chumba. Albamu na wimbo, jarida na makala, mfululizo wa televisheni na kipindi chake kimoja, diwani na shairi lililomo. Ukiandika kwa Kiingereza kwamba ulisoma habari ya bei ya mahindi kwenye *Mwananchi*, jina la gazeti linalala, kichwa cha ile habari kinakaa kati ya alama za kunukuu, wima. Jina likiwa la Kiswahili halibadilishi kitu. Linalala kwa sababu ni jina la gazeti, lugha haihusiki. Utenzi mrefu uliotolewa kama kitabu unalala: *Utendi wa Mwana Kupona*, wa 1858, ni nyumba kamili. Shairi la beti tano ndani ya diwani ni chumba.

Watu hukwama kwenye vitabu vitakatifu. Biblia na Kurani hazilazwi, wala vitabu vilivyomo ndani yake kama Mwanzo na Zaburi, wala haviwekewi alama za kunukuu. Katiba vilevile: Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inaandikwa wima, kwa herufi kubwa mwanzoni mwa maneno yake. Azimio la Arusha, wima. Nilishapokea kazi yenye kurasa thelathini za sera ambamo kila sheria ya Bunge ilikuwa imelala na kila kesi ya mahakama imesimama, kinyume kabisa, maana majina ya kesi ndiyo yanayolazwa.

Kwenye marejeo ya mtindo wa APA, wa chama cha wanasaikolojia cha Marekani, ambao ndio wengi wanautumia hapa, kuna mtego mmoja. Jina la jarida linalala, na namba ya juzuu inalala nalo, lakini namba ya toleo iliyo kwenye mabano inasimama. Jina la makala yenyewe linasimama bila alama yoyote. Nikitaka kujua kama mtu amesoma mwongozo au amenakili kwa rafiki, naangalia ile namba ya juzuu tu. Na alama ya mkato inayofuata jina lililolala huwa si sehemu ya jina, kwa hiyo isilazwe nalo isipokuwa mwongozo wako umesema vingine. APA kwa mfano huilaza ile iliyo kati ya jarida na juzuu, kwa sababu iko katikati ya vitu viwili vilivyolala. Haya ni mambo madogo. Nayapenda hivyohivyo.

Sasa nisimulie kilichonitokea mwaka 2009, kwa sababu ndicho kilichonifundisha nusu ya ninayoyajua.

Alikuja kijana mwenye tasnifu ya wadudu wa ghalani. Alikuwa anaandika juu ya fukusi wa mahindi, *Sitophilus zeamais*, na dumuzi, *Prostephanus truncatus*, yule ambaye wakulima wetu wengine wanamwita skania. Dumuzi alitoka Amerika ya Kati, na barani Afrika alitambuliwa kwanza mkoani Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nilipokuwa mwanafunzi huko nilishaona mahindi yaliyogeuka unga ndani ya gunia lililofungwa, kwa hiyo kazi ile niliisoma kwa moyo, si kwa macho tu. Faili lake lilikuwa limeharibika, halifunguki vizuri. Nikalinakili lote nikalibandika kwenye faili jipya kama maandishi matupu. Likafunguka, likawa safi, mimi nikafurahi, tukaprinti nakala na akaenda kuikabidhi.

Ilirudi na duara nyekundu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kubandika maandishi matupu kunavua herufi nguo zote: nzito, za mlazo, za chini ya mstari. Kila jina la kisayansi lilikuwa limesimama. Na jina la kisayansi la kiumbe ni lazima lilale, jenasi, lile neno la kwanza, kwa herufi kubwa mwanzoni na spishi, lile la pili, kwa herufi ndogo, kwa sababu ndiyo njia ya kumwambia msomaji wa Japani au Brazili: hili si neno la Kiingereza, ni jina la Kilatini la kiumbe huyu, ni lilelile dunia nzima. Mtaalamu anayepekua kurasa mia mbili akimtafuta dumuzi huyatafuta maneno yaliyolala. Mimi nilikuwa nimemzimia taa.

Kijana alikuwa na siku moja. Tulifunga mlango saa mbili usiku. Kuna amri ya kutafuta na kubadilisha, Ctrl na H: unaandika jina kwenye kisanduku cha juu, unaliandika tena kwenye cha chini, ukiwa hapo cha chini unabonyeza Ctrl na I, kompyuta inalilaza kila lilipo. Tulimaliza majina kumi na saba ndani ya nusu saa, na yale yaliyofupishwa pia, maana baada ya kutajwa mara ya kwanza jenasi hufupishwa kuwa herufi moja: *S. zeamais*, *P. truncatus*. Nikadhani tumepona. Kisha nikapitia kwa jicho na kukuta vitu ambavyo kompyuta haiwezi kuamua. Pale penye *Zea mays* L., ile L. ilikuwa imelala, wakati ni kifupi cha Linnaeus, Msweden ambaye kitabu chake cha 1753 ndicho msingi wa majina ya mimea tunayoyatumia. Yeye ni mtu, hana sababu ya kulala. Penye *Aspergillus* spp., kile kifupi cha spishi nyingi hakilazwi. Jina la familia, Poaceae, majarida mengi huliacha wima. Na *et al.*, yaani na wenzake, ambayo nimeilaza hapa kwa sababu ninaizungumzia yenyewe, ndani ya kazi ya APA inasimama wima ingawa ni Kilatini, kwa kuwa Kiingereza kimeshaizoea.

Lakini kilichonifunza zaidi kilikuwa kwenye vichwa vidogo. Alikuwa na vichwa vya ngazi ya chini ambavyo mtindo wake ulitaka vilale vyote. Ndani ya kichwa kilicholala, jina la dumuzi lililolala linapotea, halina tofauti na majirani zake. Nilikaa pale nikitazama. Saa tano usiku ndipo nikakumbuka mwalimu wangu na mstari wake: agizo halisemi lala, linasema tofautiana. Nikabonyeza tena, jina likasimama katikati ya maneno yaliyolala, na mara moja likaonekana. Baadaye nilikuta miongozo inasema hivyohivyo: ndani ya maandishi ya mlazo, kile ambacho kingelazwa husimamishwa. Kijana alikabidhi kesho yake. Tangu siku hiyo sibandiki maandishi matupu kabla ya kuandika pembeni orodha ya kila kilicholala. Siku hizi rasimu zinakuja kwa WhatsApp, na kule neno hulazwa kwa kulizungushia vistari vya chini pande mbili. Wakinitumia aya nawaomba waache vile vistari, angalau nione nia yao.

Kuna matumizi mengine ambayo watu huyapenda kupita kiasi: kusisitiza. Hapa nina jambo la baba yangu.

Baba alikuwa mwinjilisti, na alikuwa na Biblia mbili: ya Kiswahili, ile ya Union ya 1952, na King James ya Kiingereza aliyoachiwa na mmisionari. Kiingereza chake alikijenga kwa kuzilinganisha, mstari kwa mstari, jioni, kandili katikati ya meza. Zaburi ya 23 ilikuwa darasa lake la kwanza na letu pia. Kwa Kiswahili: Bwana ndiye mchungaji wangu. Kwa Kiingereza: The LORD *is* my shepherd, na lile neno *is* limelala. Baba akatufundisha kwamba Kiingereza hakina neno ndiye, kwa hiyo kinalilaza *is* ili liwe ndiye. Si mchungaji yeyote, Yeye ndiye. Akisoma kwa sauti aliliegemea neno lile kwa uzito wote, na sisi watoto wanne tukaliegemea pamoja naye. Nimekua nikiisikia zaburi hiyo hivyo.

Miaka mingi baadaye mwanafunzi wa theolojia aliniletea kazi juu ya tafsiri za Biblia, na humo nikaukuta ukweli. Katika King James maneno yaliyolala hayasisitizwi. Ni yale ambayo wafasiri waliyaongeza, hayamo katika Kiebrania wala Kigiriki. Kiebrania cha mstari ule hakina kitenzi: kinasema tu Bwana, mchungaji wangu. Kiingereza hakiwezi kusimama bila *is*, wakaiweka, na kwa uaminifu wakaitia alama ili msomaji ajue neno hili limetoka kwao. Chapa ya kwanza, ya 1611, ilikuwa kwa herufi nene za kizamani, na maneno ya kuongeza yalichapwa kwa herufi ndogo za kawaida. Chapa za baadaye zilipohamia herufi za kawaida, yale ya kuongeza yakalazwa. Kwa hiyo neno jepesi kuliko yote katika mstari ule ndilo ambalo nyumba yetu nzima ililibeba kama gunia.

Nilimweleza baba akiwa mzee, macho yamepungua. Alikaa kimya. Kisha akasema, "Kwa hiyo walituonyesha mkono wao." Akaniomba nichukue ile Biblia nimtafutie mengine. Mstari wa nne: for thou *art* with me. *Art* imelala. "Hiyo nayo ni yao," nikasema. Akasema ngoja, rudia. Tulikaa hivyo mpaka chakula kikapoa, mimi nikitaja kila neno lililolala, yeye akilitoa na kuusema mstari bila hilo neno, kwa sauti ndogo, akisikiliza unavyobaki. Biblia hiyo iko dukani, kwenye rafu juu ya mashine ya kopi.

Herufi zenyewe hazikuzaliwa kwa ajili ya kusisitiza. Zilitokea Venice. Aldus Manutius, mchapaji, na Francesco Griffo, fundi aliyezichonga, waliiga mwandiko wa mkono wa wasomi wa Italia wa wakati ule, na mwaka 1501 wakachapa kitabu kizima cha mashairi ya Virgil kwa herufi hizo tu, kitabu kidogo cha kushikika mkononi. Herufi kubwa zilikuwa bado wima. Msomaji wa siku ile hakuona msisitizo popote, aliona mwandiko. Uzito tulioupa mlazo ni wa baadaye, ulikuja mlazo ulipowekwa kando ya herufi za wima.

Na katika Kiingereza cha leo uzito huo upo, sikatai. Mwingereza akisema I did not say *she* took it, sauti yake imepanda kwenye *she*, na maana yake ni kwamba alimsema mtu mwingine. Ukiliacha wima, maana imepungua. Kiswahili kina njia yake: sikusema kwamba yeye ndiye aliyechukua. Tuna ndiye, ndicho, ndiko, tuna kubadili mpangilio wa maneno. Nadhani hapo ndipo wanafunzi wetu wanapoumia. Wanafikiri kwa ndiyo na ndicho, wanafika kwenye Kiingereza hawana pa kuviweka, basi wanalaza, wanakoleza wino, wanapiga mstari, na wengine wanaongeza herufi kubwa. Ninachowashauri ni kuipanga sentensi upya ili neno zito liangukie mwisho, maana mwisho wa sentensi ya Kiingereza una uzito wake wenyewe. Katika tasnifu ya kurasa mia moja na hamsini nikikuta maneno matatu yaliyolazwa kwa msisitizo nayaamini. Nikikuta matatu kwenye aya moja nayasimamisha mawili na kumpigia simu mwenye kazi. Na ukilaza neno ndani ya maneno uliyomnukuu mtu, sema hapohapo kwamba msisitizo ni wako. Bila hivyo umemsemesha mtu asichokisema.

Neno linapozungumziwa lenyewe nalo linalala, na herufi vilevile: kwamba watoto fulani wanachanganya *r* na *l*, kwamba *data* kwa Kiingereza ni wingi. Wengine hutumia alama za kunukuu mahali hapa, na ni sawa, mradi uchague moja.

Nimebakiza maneno ya kigeni, na hapa nina msimamo.

Mwaka jana alikuja binti wa uvuvi kutoka Kirando, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Shikamoo mama, marahaba, akaniwekea flashi mezani. Kazi yake ilikuwa juu ya biashara ya dagaa. Nilipofungua sura ya kwanza ukurasa ulikuwa kama shamba la mpunga lililopigwa na upepo. Dagaa imelala, kila ilipotajwa, na ilitajwa zaidi ya mara mia mbili. Mtumbwi umelala. Karabai imelala. Kirando yenyewe imelala, na Kigoma, na Sumbawanga. Alikuwa ameambiwa na mwenzake kwamba kila neno lisilo la Kiingereza lazima lilazwe.

Tulianza na rahisi. Majina ya mahali hayalazwi, popote, hata yawe ya lugha gani. Wala ya watu, vyama na taasisi. Kirando ikasimama, Kigoma ikasimama. Majina ya samaki wenyewe yabaki yamelala: *Stolothrissa tanganicae* na *Limnothrissa miodon*, hao wawili ndio dagaa wa ziwa lile, na *Lates stappersii*, ambaye ni mgebuka anayewala. Kisha meli. Majina ya meli hulazwa, ila vile vifupi vya mbele vinasimama: MV *Liemba*. Na alipoeleza historia, kwamba meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande mpaka Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina jipya, lile jina la kwanza nalo linalala, *Graf von Götzen*. Alishangaa kwamba meli inapata heshima ya kitabu. Nikamwambia hata mimi sijawahi kupewa sababu inayoniridhisha, lakini desturi ni hiyo na inasaidia: msomaji anajua Liemba hapa ni meli, na wala si jina la zamani la maji ya upande wa kusini wa ziwa hilohilo.

Ikabaki dagaa. Mwongozo wa Chicago, ule wa uandishi wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambao nauheshimu, una busara hapa. Unasema neno la kigeni ambalo limo katika kamusi ya kawaida ya Kiingereza halilazwi. Ndiyo maana safari, neno letu, linatembea wima kwenye vitabu vyao bila mtu kulisimamisha kuliuliza linakotoka. Na neno lisilozoeleka, kama linarudiwarudiwa katika kazi yako, lilaze mara ya kwanza tu, ukilieleza, kisha liache lisimame. Kwa hiyo hata kwa kanuni hiyo dagaa wote baada ya wa kwanza walikuwa wamelazwa bure.

Yeye akaniuliza, "Na ile ya kwanza, mama, ni lazima?"

Nikamwambia ninachoamini. Mlazo wa neno la kigeni unamwambia msomaji: neno hili si letu. Swali ni nani huyo letu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel ya fasihi mwaka 2021, amesema waziwazi kwamba hapendi wachapishaji wanavyotaka maneno kama yetu yalazwe au yawekewe faharasa ili ugeni uonekane ugeni. Namuelewa. Katika kijiji anachokiandika mtu neno hilo halikuwa geni hata siku moja. Binti huyu amelelewa kwa dagaa. Msimamizi wake anakula dagaa, wakaguzi wake wa tasnifu wanakula dagaa, mvuvi aliyemhoji alisema dagaa. Msomaji wa mbali anahitaji maelezo, na ni haki yake ayapate: sentensi moja katika sura ya kwanza, yenye majina mawili ya Kilatini yaliyolala vizuri. Baada ya hapo atakuwa amelijua neno, na sioni sababu ya kumkumbusha kila mstari kwamba ni la watu wengine. Lakini pia nilimwambia kwamba akiandikia jarida lenye kanuni zake, afuate za jarida. Kazi si uwanja wa kupigania kila kitu, na nimeona watu wakicheleweshwa kwa kisa cha neno moja.

Alifikiri. Akasema dagaa wasimame wote, tangu wa kwanza. Nikabonyeza Ctrl na H. Zilirudi wima zote kwa mpigo, na ukurasa ukatulia. Msimamizi wake hakuizungushia duara hata moja.

Siku ya kubaindi alikuja na ukurasa wa kutabaruku aliokuwa ameuandika usiku. Ulikuwa wa mistari miwili ya Kiingereza, na kwa desturi ya ukurasa huo aliutaka ulale wote. Ulisema: kwa mama yangu, aliyeuza dagaa Kirando na kunisomesha, kila muhula akinipeleka kwa mtumbwi hadi ilipoegesha MV Liemba. Kule meli ilikuwa haifungi gatini, ilisimama majini na mitumbwi ndiyo iliyopeleka abiria na magunia.

Niliulaza wote kwa mara moja. Dagaa akalala na wenzake, kama neno lolote la kawaida katika ukurasa huo. Mtumbwi ukalala. MV ikalala. Nikasogeza kishale mpaka kwenye jina la meli, nikabonyeza, likasimama wima peke yake katikati ya mistari iliyolala. Binti aliinama karibu na kioo akaliangalia.

"Acha hivyohivyo," akasema.

Nikaprinti nakala tano.